Daftari Zuri Lisiloandikwa

(Mazungumzo yaliyosikika redioni juma lililopita)



Leo nataka tuzungumze juu ya daftari. Sina maana ya daftari la wapiga kura, wala lile la mwenye duka ambamo majina yetu huandikwa mwisho wa mwezi ukikaribia. Nasema daftari la kawaida, lenye mistari, la kuandikia mambo yako mwenyewe. Ingawa hili la leo, kusema kweli, si la kawaida sana.

Nililiona katika duka moja la vitabu na zawadi hapa jijini, limewekwa ndani ya kabati la kioo pamoja na kalamu za dhahabu na fremu za picha. Jalada lake ni gumu, rangi ya buluu iliyokoza kama mbingu saa mbili za usiku, na juu yake pamechorwa kwa rangi ya dhahabu duara ndani ya duara ndani ya duara. Ukilitazama kwa karibu unaona jua lenye uso wa mtu, mwezi, simba, kaa, nge, mizani, na malaika wanono wakiwa wamekalia mawingu pembeni. Kuna utepe wa hariri wa kuwekea alama mahali ulipoishia. Kurasa zake si nyeupe, zina rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na mistari yake ni myembamba mno hata mwenye miwani huitafuta. Bei yake sitaitaja, kwa sababu mke wangu naye ni msikilizaji wa kipindi hiki. Itoshe kusema kwamba fedha zile zingenunua kaunta buku kumi na chenji ingebaki ya nauli.

Nililinunua kwa sababu moja. Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja, nahodha mstaafu, aliyeendesha jahazi miaka mingi kati ya Dar es Salaam, Mafia, Unguja na Mombasa, wakati ambapo usiku baharini mtu aliangalia juu ili ajue aendako. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitakuja siku moja nikae naye barazani, aseme na mimi niandike. Nikaona daftari lenye ramani ya nyota ndilo hasa linalomfaa mtu wa namna ile. Nikalipa, nikafungiwa katika karatasi laini, nikaenda nalo nyumbani.

Hapo ndipo yalipoanza matatizo. Nilikaa mezani, nikalifungua ukurasa wa kwanza, nikashika kalamu. Mkono ukagoma. Mwandiko wangu, wasikilizaji, ni ule wa mtu aliyeandika kumbukumbu za mikutano kwa miaka thelathini. Nikajiambia: ngoja kwanza nifanye mazoezi kwenye karatasi nyingine. Nikalifunga daftari na kulirudisha katika karatasi yake laini. Kesho yake hivyo hivyo. Nadhani nyumba nyingi zina kitu cha namna hii. Vikombe vya wageni visivyonywewa na mgeni yeyote, kitanda cha chumba cha mbele kisicholaliwa, na ule mkeka mzuri ulioviringishwa darini mpaka mchwa ndio wakaukalia.

Basi badala ya kuliandika, nikawa nalitazama. Mpwa wangu, ambaye anasoma sekondari na anaishi nasi, alikuja na kioo cha kukuza herufi, tukaanza kusoma maandishi madogo ya pembeni.

"Mjomba," akaniuliza, "mbona dunia ndiyo iko katikati? Shuleni tumefundishwa kwamba katikati ni jua."

Swali zuri. Nyuma ya jalada imeandikwa kwamba picha hiyo imetokana na kitabu cha Andreas Cellarius kilichotolewa Amsterdam mwaka 1660. Nikaenda kutafuta habari zake. Huyu Cellarius hakuwa mtazama nyota mwenye darubini juu ya paa. Alikuwa mwalimu, mkuu wa shule ya Kilatini katika mji wa Hoorn, huko Uholanzi. Kitabu chake kina picha kubwa 29, na mpango wake ndio unaonipendeza. Picha moja inaonyesha dunia ikiwa katikati, mwezi ukiizunguka, halafu Utaridi, Zuhura, jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kila mmoja katika duara lake, na buruji kumi na mbili zimewazunguka wote. Hayo ni mafundisho ya Ptolemy. Ukifunua mbele unakuta mbingu zile zile lakini jua ndilo lililo katikati, kama alivyosema Copernicus. Ukifunua tena unakuta mpango wa tatu, wa Tycho Brahe wa Denmark, aliyetaka sayari zilizunguke jua na jua liizunguke dunia, yaani kila upande upate kitu. Kumbukeni kwamba mwaka 1633, miaka 27 tu kabla ya kitabu hicho, Galileo alihukumiwa kule Roma kwa kutetea mpango wa Copernicus. Mwalimu wetu wa Hoorn aliweka yote mezani, kwa rangi na dhahabu, msomaji ajionee.

Kwa hiyo jalada la daftari langu limebeba ramani nzuri sana ya kitu kisichokuwepo. Aliyelitengeneza alichagua picha ya Ptolemy, naamini kwa sababu inapendeza zaidi. Mpwa wangu alicheka sana. Mimi nilijitetea kwamba nimelipia dhahabu, sikulipia elimu ya anga.

Lakini kuna jambo jingine katika ramani hizi ambalo mtu wa pwani akilisoma atajikuta yuko nyumbani. Angalieni majina ya nyota. Ile nyota nyekundu kwenye jicho la ng'ombe dume wanaiita Aldebaran. Kiarabu hicho: ad-dabarani, anayefuata nyuma. Rigel, iliyo mguuni mwa mwindaji, ni rijli, mguu. Deneb ni dhanabu, mkia. Yamefikaje Amsterdam? Ptolemy mwenyewe aliishi Alexandria, Misri, katika karne ya pili, akaandika orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu. Mwaka 964 hivi, mtaalamu wa falaki aitwaye al-Sufi, katika nchi ya Uajemi, akaandika upya habari za makundi yale, akazipima nyota tena, akatia majina ambayo Waarabu walikuwa wakiyatumia jangwani na baharini. Kutoka hapo Walatini wakayachukua, wakayatamka wanavyoweza. Mwanafunzi wa madrasa anayeijua mkia na mguu kwa Kiarabu anaweza kusoma sehemu ya ramani ile bila mkalimani.

Tena huyo anayefuata, anamfuata nani? Anazifuata zile nyota ndogo zilizokusanyika kama vifaranga, ambazo sisi tunaziita Kilimia. Jina hilo linatokana na kulima. Wazulu na Waxhosa huko kusini wanaziita isilimela, neno la ukoo ule ule, ambalo nalo limo katika kulima. Na wazee wetu walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Atakayeamka alfajiri mwezi wa Juni, baada ya masika, ataziona zimerudi upande wa mashariki kabla jua halijachomoza, na kipupwe kimeanza. Huhitaji jalada la dhahabu kwa hilo. Unahitaji kuamka tu.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Ndani ya jalada la nyuma pamechapwa ramani nyingine ndogo, ya anga la kusini, hili letu. Humo kuna tausi, korongo, samaki anayeruka, nyoka wa majini, na, msishangae, kinyonga. Kinyonga yuko mbinguni, karibu kabisa na ncha ya kusini. Ptolemy hakumjua, maana kutoka Alexandria nyota zile hazionekani. Nani alimpandisha?

Mwaka 1595 Waholanzi walituma meli nne kwenda kutafuta viungo huko Mashariki. Katika msafara huo alikuwamo rubani mmoja, kwa maana ya zamani ya neno hilo kabla ndege hazijatunyang'anya, aitwaye Pieter Dirkszoon Keyser. Mwalimu wake, Petrus Plancius, alimpa kazi ya ziada: kila atakapoweza, azipime nyota za kusini ambazo Ulaya hakuna azijuaye, aziandike. Meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikaingia katika Bahari ya Hindi na kukaa miezi kadhaa Madagascar, kwa sababu mabaharia walikuwa wanakufa kwa kukosa matunda na mboga. Inaaminika kwamba sehemu kubwa ya vipimo vyake aliifanyia hapo, katika bahari hii hii yetu, chini ya anga lile lile lililowafunika watu wa Ngazija na Kilwa. Kwa hiyo kinyonga si ajabu. Madagascar ni nchi ya vinyonga.

Keyser hakurudi. Alifariki mwaka 1596 huko Banten, katika kisiwa cha Java. Wakati meli zilipotia nanga Uholanzi mwaka 1597, kati ya watu zaidi ya 240 walioondoka, waliorudi hawakufika mia. Lakini maandishi yake yalirudi. Mtu alizama katika ardhi ya ugenini, karatasi zikavuka bahari. Mwaka 1598 Plancius alizitumia kutengeneza tufe la mbingu lenye makundi kumi na mawili mapya. Mwaka 1603 Johann Bayer, mwanasheria wa mji wa Augsburg, akayachapa yote kumi na mawili katika ramani zake, na tangu hapo kila mchora mbingu akayarudia. Leo yamo katika orodha ya makundi 88 inayotambuliwa na wanaanga wa dunia nzima tangu mwaka 1922.

Mwenzake katika safari ile, Frederick de Houtman, alisafiri tena, akafungwa huko Aceh, Sumatra, mpaka mwaka 1601. Gerezani alijifunza Kimalei na akazidi kupima nyota. Alipotoka alichapisha mwaka 1603 kitabu cha maneno na mazungumzo ya Kimalei na Kimalagasi, na mwishoni mwa kitabu hicho, baada ya maneno ya kuulizia bei ya pilipili, akaweka orodha ya nyota zaidi ya 300 za kusini. Kamusi mbele, mbingu nyuma! Huyo ndiye mtu ninayemwelewa. Hakungoja apate kitabu kinachostahili nyota. Alikuwa na karatasi, akaziandika humo.

Niliposoma hayo nililitazama daftari langu kwa aibu. Mapambo yote yale juu ya jalada, mtu alipoanza kuyapata, aliyapata katika karatasi za baharini zenye chumvi. Na mimi ninaogopa kuchafua ukurasa wa kwanza.

Nilikwenda kwa mzee siku ya Jumapili. Daftari sikulichukua, nilikwenda kumsalimu tu, ndivyo nilivyojidanganya.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na kalamu?"

"Nitakuja nayo wiki ijayo, Mzee."

"Haya. Kilimia kitanikuta nipo."

Tulizungumza hata hivyo, na nitawaambieni jambo moja alilonionyesha, kwa kuwa hilo nililishika kichwani. Aliniuliza, kwa Kiswahili cha zamani, kaskazini ni nini na kusini ni nini. Nikasema ni pande za dunia. Akasema la, hayo yametokana na pepo. Baharini wao walisema jaa na suheli. Na jaa ni nyota, na suheli ni nyota. Jaa ni ile nyota ya kaskazini isiyotoka mahali pake. Suheli ni ile ambayo Wazungu wanaiita Canopus, ya pili kwa mwanga katika nyota zote za usiku. Yaani, wasikilizaji, lugha yetu ilikuwa na maneno mawili ya pande za dunia ambayo ni majina ya nyota mbili, na mabaharia wa Kiarabu nao walikuwa na dira yenye pande 32 zilizoitwa kwa nyota, mahali zinapochomoza na mahali zinapotua. Hiyo nayo ni ramani ya mbingu. Hakuna aliyeitia dhahabu kwa sababu ilikuwa kazini.

"Sasa nionyeshe jaa," akanitania. Nikainua macho. Akacheka mpaka akakohoa. Kutoka Dar es Salaam jaa haionekani! Nyota ile huonekana juu ya upeo wa macho kwa kiasi kile kile ulichopanda kaskazini ya mstari wa Ikweta. Muscat iko juu vizuri. Ukishuka na jahazi kuja huku inashuka nawe usiku baada ya usiku, mpaka Ikweta inagusa maji, na baada ya hapo imezama. Manahodha wa zamani waliipima kwa kamali, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo: unashika fundo kwa meno, unanyosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini unakaa juu ya bahari na wa juu unagusa nyota. Fundo likikubali, umefika bandari yako. Jaa ikizama, unatafuta nyota nyingine za kukushika mkono. Hizo nyingine ndizo nilizotaka anitajie, moja moja, kwa majina waliyoyatumia wao.

Wiki iliyofuata nilikuwa na semina. Iliyofuata ilinyesha. Iliyofuata nilikwenda na daftari, na nikakuta turubai limefungwa mlangoni na watu wameketi kwenye mikeka.

Sikuwa na la kusema. Baada ya arobaini, binti yake aliniita. Alikuwa ameshika daftari la shule, lile jembamba lenye jedwali la kuzidisha nyuma, jalada lake limefifia na limelambwa na mende. "Baba alikuwa akiandika humu," akasema. "Sisi hatujui kusoma mambo haya. Nilikuwa nachana karatasi za kuwashia jiko. Watoto wamefungia karanga." Nikafungua. Kiswahili, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya risasi na wino mchanganyiko. Hesabu za boriti na magunia. Majina ya mabaharia na posho zao. Na katikati ya hesabu hizo, hapa mstari mmoja, pale miwili: suheli, kilimia, mwezi gani, upepo gani, kutoka wapi hadi wapi.

Kwa hiyo mzee hakuwa amenisubiri mimi. Alikuwa ameandika zamani, katika daftari la bei rahisi kuliko yote dukani. Kurasa zilizosalia ni ishirini na sita. Zilizobaki zimepikia chai na kubeba karanga, na binti yake hana kosa lolote, kwa maana hakuna aliyemwambia zile ni nini. Sisi tuliojua tulikuwa tunafanya mazoezi ya mwandiko.

Kazi imeanza. Kila Jumamosi alasiri mwalimu wa madrasa ya mtaa wa pili anakuja, anasoma mstari kwa sauti, mpwa wangu anaandika kwa herufi za Kirumi. Anaandika wapi? Katika daftari la buluu, lenye dunia katikati na malaika wanono. Ukurasa wa kwanza una doa la chai tayari, upande wa kulia juu, nami ndiye niliyelitia. Mpwa wangu anasema limekaa karibu na mahali pa Mshtarii.

Tumefika ukurasa wa tisa. Kuna neno moja pale limetushinda. Linakuja baada ya suheli, katika safari ya kurudi kutoka Mafia usiku wa kusi, na inaonekana ni jina la nyota aliyoitumia jaa ilipokuwa imezama. Linaanza na herufi fe, halafu maji yameingia na wino umetawanyika. Mwalimu anadhani jambo moja, mimi nadhani jingine, na Mzee hayupo wa kutuamua. Jumamosi ijayo tutapanda basi kwenda Bagamoyo, ambako tumeambiwa yupo nahodha mmoja, naye ni mtu wa umri ule ule. Mpwa wangu ameshanunua kalamu mbili, na daftari tutakwenda nalo.